Kusaka nambari za seriali kabla ya kulipia kandarasi

Kimya changu cha wiki tatu kimesababishwa na faili ya Excel. Kandarasi ya matengenezo ya vifaa vya mtandao kazini inakaribia kuisha, na nimepewa kazi ya kuhakikisha nambari za seriali kabla hatujalipa. Mimi huandika programu, si fundi wa nyaya, lakini haya.

Nambari hizi si mchezo. Mwaka jana swichi ya tawi letu la Kisumu ilikufa Ijumaa jioni. Aliyetuuzia kandarasi aliuliza seriali namba, akaitafuta, haikuwemo. Kumbe tulikuwa tukilipia swichi iliyong'olewa zamani! Tawi lilikaa hadi Jumanne bila mtandao, wateja wakiandikiwa risiti kwa mkono. Kandarasi ya aina hii haiangalii ofisi wala jina la kifaa, inaangalia ile nambari.

Kwa hivyo faili nimeiweka kando, navihoji vifaa vyenyewe. Kwenye Cisco amri ni show inventory. Itakupa PID, yaani aina ya kifaa, na SN ya kila kipande. Unayoitaka ni ya kasha lenyewe, si ya moduli wala ya pawa saplai. Amri ya show version inaweza kukuchanganya: swichi nyingi za Catalyst huonyesha Motherboard serial number na pia System serial number. Ya kandarasi ni hiyo ya System. Na swichi zikiunganishwa zifanye kazi kama moja, kila moja bado ina nambari yake, usichukue ya kwanza ukaenda zako.

Kuingia kifaa kimoja kimoja kunachosha, nikaandika skripti ya Python inayouliza kwa SNMP. Jibu liko kwenye ENTITY-MIB, OID 1.3.6.1.2.1.47.1.1.1.1.11. Ukibadilisha hiyo 11 ya mwisho iwe 5 utajua kipande ni cha aina gani. 3 ni kasha.

Kilichonifurahisha ni kwamba seriali nyingi za Cisco husomeka. Chukua inayoanza na FOC1025. Herufi tatu ni za kiwanda, 10 ukiijumlisha na 1996 unapata mwaka 2006, na 25 ni wiki. Kifaa cha umri huo mtengenezaji huwa ameshaacha kukihudumia, sasa unalipia nini? Skripti pia ilinasa F0C kwenye faili yetu, sifuri ikiwa imekaa mahali pa O.

Hadi leo vifaa tisa vilivyo kwenye ankara havionekani popote. Vitatu vinavyofanya kazi havimo kwenye ankara, na kimoja ni swichi mpya ya Kisumu. Viwili havijibu SNMP kabisa. Kimoja kimefungwa juu ya dari huko Nakuru, kwa hivyo kesho napanda matatu na tochi yangu mfukoni.