Watoto wa Mwalimu Shambani

Mwaka 1984 nilihamishiwa kuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi jirani na barabara itokayo Mtwara mjini kwenda Newala, na mwaka huohuo mjomba wangu akanikabidhi shamba lake la mikorosho Naliendele. Alisema amechoka kulitazama likigeuka pori. Lilikuwa na ekari nne na ushee. Mikorosho yenyewe aliipanda kwa mkono wake kabla ya Uhuru, mingine imekaribiana mno hata matawi yamesukana kama ukili.

Msomaji asiyeijua vizuri Kusini atashangaa mtu kumpa mwenzake mikorosho bure. Lakini mambo yalikuwa hivi. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilipata tani 145,000 za korosho. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishiwa mbali na miti yao. Bei nayo ikawa haimlipi mkulima hata jasho la kufyeka. Halafu ukaenea ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajafunga. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 20,000. Kwa hiyo shamba la mikorosho siku zile lilikuwa mzigo, na mjomba alinitwika mzigo huo huku akicheka.

Nilikuwa na watoto watatu: mvulana wa miaka saba, binti wa miaka mitano, na binti mwingine aliyekuwa angali mgongoni. Kitinda mimba alizaliwa miaka mitatu baadaye, na nusura azaliwe hukohuko shambani chini ya mti. Siku za wiki tulikaa katika nyumba ya mwalimu pale shuleni. Shamba lilikuwa mwendo wa dakika arobaini na tano kwa miguu ya mtu mzima. Kwa miguu ya mtoto anayesimama kuokota kila kitu njiani, ni saa nzima na zaidi. Tulijenga banda la miti na makuti, na ulipofika msimu mama yao alihamia humo na mkeka, sufuria mbili na mtungi. Nataka niliseme hili mapema: nikisema "tuliwalea watoto shambani", aliyewalea ni yeye. Mimi nilikuwa mtu wa jioni na Jumamosi.

Yako mambo ya mikorosho ambayo mtoto huyafanya vizuri kuliko mtu mzima. Korosho haichumwi mtini. Unasubiri bibo liive, lianguke lenyewe, ndipo uokote na kuinyonga korosho itoke kwenye bibo. Kazi yote hiyo iko chini, na mtoto yuko karibu na chini. Mgongo wangu uliniuma kabla kikapu hakijafika nusu, lakini wao walitambaa chini ya matawi kama kuku, wakila mabibo huku maji yake yakiwatiririka hadi viwikoni. Madoa ya bibo hayatoki kwenye nguo, kila mama wa huku anajua; kwa hiyo msimu mzima walivaa nguo moja moja, na baada ya msimu nguo hizo zilikuwa matambara ya kupangusia taa.

Kilo moja ya korosho ghafi ni kama korosho 180 hadi 200. Mwanangu wa kwanza aliligundua hilo mwenyewe kabla sijamfundisha. Alikuwa akizipanga kumi kumi kwenye mchanga, na siku moja akaniambia kwamba korosho za mti wa karibu na njia ni nyingi kwenye kilo kuliko za mti wa kisimani, maana yake ni ndogo zaidi. Mimi niliyehitimu chuo cha ualimu, niliyefundishwa namna ya kutumia mawe na vijiti katika somo la hesabu, nilikaa nikamtazama. Jumatatu iliyofuata nilibeba nusu debe la korosho hadi darasa la pili. Somo lilikwenda vizuri sana, ila saa nne ilipofika korosho zilikuwa pungufu kwa robo. Wanafunzi walizificha mifukoni kwenda kuchoma.

Kila mtoto alikuwa na mti wake. Hilo lilikuwa wazo la mama yao, wala si langu. Korosho za mti wa mtoto zilikaushwa kwenye jamvi lake peke yake, siku mbili au tatu za jua, na fedha yake ilinunua kalamu, madaftari, na kitu kimoja anachotaka mwenyewe. Binti wa pili mwaka mmoja alinunua ndara nyekundu, akazivaa kuanzia dukani na hakuzivua hata kulala. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu malezi, lakini sijaona mahali palipoeleza jinsi mtoto wa miaka sita anavyofyeka chini ya mti ulio wake.

Nisije nikaonekana ninapamba. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi kama moto. Binti yangu huyo wa pili, alipokuwa na miaka sita, aliuma korosho mbichi kwa meno kwa sababu kaka yake alimwambia hawezi kuipasua. Mimi nilikuwa kwenye kikao cha kata. Nilipofika jioni midomo yake ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, na baada ya siku mbili ngozi ikaanza kubanduka. Doa jeusi lilikaa kwenye mdomo wa chini kwa miezi. Kaka yake nilimchapa. Baadaye nikajiuliza ni nani aliyemwacha mtoto wa miaka tisa awe mlinzi wa mwenzake wa miaka sita kutwa nzima.

Usiku walikuwa hawalali wote. Nguruwe pori walipenda mihogo tuliyoipanda kati ya mikorosho, na ngedere walipenda kila kitu. Tulijenga dungu, na Jumamosi usiku mimi na mvulana tulikaa juu yake tukigonga debe. Humo ndimo tulimozungumza, mimi na yeye. Nyumbani nilikuwa mwalimu mkuu hata kwenye meza ya chakula. Juu ya dungu, gizani, alinizoea akaniuliza mambo ambayo asingeniuliza mchana. Aliniuliza kama nyota zina wenyewe. Aliniuliza kwa nini mjomba wangu alinipa shamba mimi badala ya kuwapa watoto wake wa kuzaa. Nikamweleza desturi yetu ya Kimakonde, kwamba mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo shamba hili wewe utampa nani, baba?" Sikuwa na jibu, nikagonga debe.

Mwishoni mwa miaka ya themanini mambo ya ubwiriunga yalianza kupata dawa. Wataalamu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo pale Naliendele, majirani zetu kabisa, walituonyesha kupulizia unga wa salfa mikorosho inapochanua, alfajiri, umande ukiwa bado na upepo haujaamka, na kurudia kila baada ya majuma mawili au matatu. Salfa inawasha macho vibaya. Siku za kupulizia watoto walibaki nyumbani, na hili nililisimamia bila kulegea. Msimu wa 1989 ndio wa kwanza kwetu kuona mikorosho imebeba mpaka matawi yameinama. Na ndio msimu ninaotaka kuueleza.

Kila Oktoba ilipoingia, madaftari ya mahudhurio yalianza kuwa na matundu. Wanafunzi walikuwa mashambani wakiokota. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule, nami niliitumia. Niliandika barua kwa wazazi; waliozidi niliwafikisha kwenye baraza la kata. Mtoro aliyerudi alichapwa. Nilikuwa nikisema mbele ya mkutano wa wazazi, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba korosho huvunwa kila mwaka lakini darasa la sita husomwa mara moja. Sikukumbuka kuwaambia kwamba shule nayo ilikuwa na mikorosho yake ya Elimu ya Kujitegemea, na kwamba wanafunzi haohao niliwatoa madarasani vipindi viwili kila Ijumaa kuiokotea.

Jumanne moja ya mwisho wa Novemba mawingu yalijikusanya kutoka baharini. Korosho zetu zilikuwa zimeanguka nyingi kuliko tulivyowahi kuona, na korosho iliyolowa huwa nyeusi, hushushwa daraja, au haipati mnunuzi kabisa. Jioni ile mama yao alisema hawezi peke yake. Nikaamua watoto wabaki shambani Jumatano na Alhamisi. Yeye ndiye aliyesita. Aliniambia, "Mwalimu, watoto wa wenzako unawachapa kwa jambo hilihili." Nikamjibu kwamba wa kwetu hawatoroki, wanapewa ruhusa. Asubuhi niliwaambia walimu wa madarasa, nao wakaandika "ruhusa" kwenye madaftari, mbele ya majina ya wanangu. Nani angemkatalia mwalimu mkuu?

Korosho zetu zilinusurika. Mvua kubwa ilipiga Alhamisi usiku, magunia yakiwa tayari ndani ya banda.

Ijumaa, mstarini, niliwaita watoro wa juma lile. Walikuwa saba. Miongoni mwao alikuwamo msichana wa darasa la sita, mkimya, mwandiko wake mzuri kuliko wa baadhi ya walimu wangu. Yeye alikosa siku moja tu, Jumatano. Alhamisi baba yake alimrudisha shule kwa kuiogopa barua yangu. Nilimchapa kama wenzake.

Jumatatu baba yake alikuja ofisini. Alikuwa mzee, mwenye kofia ya ukili, na nilisimama kumpokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Sikuja kugomba." Akakaa, akaiweka kofia juu ya goti. "Nilipita njia ya shambani kwako Jumatano. Nikawaona vijana wako, wanafanya kazi vizuri. Korosho zako zimenusurika?"

"Zimenusurika, mzee."

"Mungu mkubwa," akasema. "Zangu zimelowa zote."

Akainuka, akavaa kofia yake, akaniaga kwa adabu. Hakuongeza neno.

Januari, shule ilipofunguliwa, yule msichana hakuja. Alitakiwa kuingia darasa la saba. Kwa mtoto mwingine yeyote ningeandika barua siku ya tatu, na kufika nyumbani siku ya kumi. Kwake sikuandika. Kila nilipochukua kalamu niliiona ile kofia juu ya goti. Nilijiambia kwamba ninamhurumia mzee yule, kwamba nimekosa haki ya kumwandikia. Nilijiona mnyenyekevu. Majuma yakapita, jina lake likapigwa mstari. Aibu yangu mimi ndiyo iliyolipwa kwa darasa la saba la mtoto wake, na haya niliyaona wazi baada ya miaka, wakati wa kuyarekebisha ulipokuwa umekwisha.

Sasa ni mama mtu mzima, bibi wa wajukuu. Kwenye msimu wa ming'oko huwa anauza ming'oko ya kuchemsha kandokando ya barabara, na kila nikinunua ananiongezea. Ana mikorosho yake ya kubebesha, iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kama wataalamu wanavyoelekeza; miti mizuri, inazaa kuliko yangu. Siku moja nilijikaza nikamwambia kwamba ninaikumbuka Ijumaa ile. Alifikiri kidogo, kisha akacheka. "Shikamoo yako, Mwalimu! Ulikuwa unatuchapa kila siku, mimi nitakumbuka ipi?" Nikamuuliza kwa nini basi aliacha shule. Akasema baba yake alisubiri barua. Alisema, "Barua haikuja, tukadhani nimeshindwa mtihani." Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Wanangu wote walimaliza. Wa kwanza ni mhasibu Dar es Salaam. Wale mabinti wawili mmoja ni muuguzi na mwingine ana duka la vitambaa mjini. Kitinda mimba ndiye aliye shambani. Anafuatilia bei za mnada kwenye simu na kunigombeza nikikata tawi lisilostahili. Wanalikumbuka shamba kila mtu kwa namna yake. Muuguzi anasema zile ndizo siku njema kuliko zote za maisha yake, na anasema hivyo kwa mdomo uleule uliobanduka ngozi. Mwenye duka anasema alilichukia kila dakika, na hata leo hali bibo.

Mwaka juzi mhasibu alikuja Desemba na wanawe. Watoto hawa wa mjini waliogopa siafu, wakaogopa na madoa ya mabibo. Mmoja aliniuliza kama baba yake alipokuwa mdogo alikuwa akikosa shule ili aokote korosho. Kabla sijajibu, baba yake akadakia kutoka kwenye mkeka. Aliwaambia kwamba babu yao alikuwa mkali sana, na kwamba hakukubali hata siku moja mtoto akose shule kwa ajili ya korosho.

Bibi yao alikuwa anapepeta mbaazi. Alininyanyulia macho, akanitazama, kisha akaendelea kupepeta.