Kabla Hujanunua Segma

Kazi yangu ni injini ndogo. Natengeneza za jenereta, za pampu za maji, za vinu vya mahindi, na mara mojamoja za mashine za kukata majani zinazopanda hadi kwangu Munigi, nje kidogo ya mji wa Goma nchini Kongo, kutoka kwenye nyumba za kando ya ziwa. Zote ni ukoo mmoja: silinda moja, mipigo minne, hupozwa kwa upepo. Honda GX160, ambayo naifungua kuliko nyingine yoyote, hubeba oili isiyozidi lita 0.6. Haina pampu ya kuisukuma wala chujio la kuisafisha. Chini ya mkono wa pistoni kuna kijiko kinachochota oili na kuirusha juu, basi. Oili ikishuka hadi kijiko kisiifikie, vyuma husagana, na mwenye injini hana habari mpaka izime asiweze hata kuvuta kamba.

Ndiyo sababu moshi wa buluu naupa uzito kuliko ugonjwa mwingine wowote. Moshi mweusi ni esansi (petroli) iliyozidi, mara nyingi kabureta ikisafishwa unakwisha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua mahali isipotakiwa kufika, na njia za kufikia hapo ni nyingi.

Ufundi niliupata Birere, mtaa wa Goma, miaka iliyofuata lava ya volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyopita katikati ya Goma na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Kila duka lililosimama tena lilihitaji jenereta, na jenereta nyingi zilizoingia zilikuwa zimeshatumika kwingine. Mzee aliyenifundisha alikuwa mtu wa Butembo, mkali, asiyependa maneno. Kijana akileta spana kabla ya kuulizwa, alirudishwa. Ilitupasa kunusa oili kwanza, kisha kutazama, kisha kusikiliza. Kufungua kulikuja mwisho, kwa sababu kila unapofungua injini ya mtu umeshamwingiza kwenye gharama.

Nilipohamia Munigi nikaweka meza yangu kando ya barabara ya Rutshuru, nilikuta maradhi ambayo Birere sikuyaona kwa wingi namna hii. Hapa tunajenga juu ya lava, tunaivunja kwa nyundo kupata kokoto, na vumbi lake jeusi halikosekani hewani. Ni vumbi la mawe makali. Mtu akiondoa sponji la chujio la hewa kwa kuwa limeziba na hana jingine, vumbi hilo huingia moja kwa moja kwenye silinda, likachanganyika na oili, likakwangua ukuta wa silinda pamoja na segma, yaani pete za pistoni. Na sisi tuko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Injini ya namna hii hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, na kabureta iliyopangwa kwa nchi za chini hutoa esansi nyingi kuliko hewa inavyotaka. Esansi hiyo ya ziada huosha oili kwenye ukuta wa silinda. Hivyo segma kuisha Munigi ni jambo la kweli. Ila ukweli huo umewafanya mafundi wengi kuwa wavivu: wakiona buluu tu, wanasema segma.

Nitaeleza mashine moja ya kukata majani, kwa kuwa ndani yake yamo karibu yote ninayotaka kusema. Aliileta mama mmoja anayetunza bustani za watu. Aliinunua ikiwa imetumika, kwa akiba yake, ili aache kukata majani kwa panga. Ilitoa moshi hata majirani wakafunga madirisha.

“Fundi, balisema segma zimekufa,” aliniambia. “Njo mashine imekwisha?”

“Mama, tuiulize yenyewe kwanza.”

Nilianza na kijiti cha kupimia oili. Oili ikizidi alama, injini hutoa moshi hata kama ni mpya, na ikinuka esansi ujue sindano ya kabureta haifungi, esansi inashuka usiku kucha hadi tumboni mwa injini na kuifanya oili nyepesi kama maji. Jenereta nyingi nimeziponya kwa sindano tu. Lakini kwa mama huyu kipimo kilikuwa sawa na harufu ilikuwa ya oili iliyochoka. Nikamuuliza anavyoilaza anaposafisha kisu chini, maana ukiilaza na kabureta ikiwa upande wa chini, oili hutiririka hadi kwenye chujio na silinda. Akanionyesha, aliilaza vizuri, kabureta juu.

Moshi wenyewe una saa zake. Ukitoka kwa wingi injini inapowashwa asubuhi kisha ukapotea, tazama miongozo ya valvu: oili imechuruzika usiku. Ukiongezeka injini inapobebeshwa kazi, shuku segma. Wa mashine hii haukuchagua saa. Nilipofungua chujio la hewa, sponji lilikuwa limelowa oili. Hapo ndipo nilipopata njia. Kipumulio cha injini hupeleka hewa ya tumboni kwenye kabureta ili iungue. Sponji likilowa, tumbo lina shinikizo, na shinikizo hilo linabeba oili. Nikakagua kipumulio, kibati chake kilifunga na kufungua barabara. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachopuliza moto kuelekea tumboni.

Nikatoa plagi, nikaipandisha pistoni hadi juu kabisa valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, kijana wangu akakamata kisu kwa glovu nene kisizunguke, nikaingiza hewa ya kompresa ya matairi polepole kwenye tundu la plagi. Kisha ni masikio. Hewa ikilia kwenye eksozi, valvu ya kutolea imeungua. Ikilia kwenye kabureta, ni ya kuingizia. Ikilia kwenye tundu la oili, mafundi wengi husema segma na kuanza kuhesabu dola.

Ililia kwenye tundu la oili. Lakini kwenye injini zenye valvu juu kuna mlango wa pili wa kwenda tumboni: lile tundu linalopitisha fimbo za valvu, pembeni kabisa mwa silinda. Kati ya silinda na tundu hilo kuna ukanda mwembamba wa gasketi. Ukiungua hapo, sauti ni ileile. Kutofautisha kunahitaji kuvua kichwa cha silinda peke yake, kazi ya boliti chache, bila kugusa pistoni. Nilipokivua, njia nyeusi ilikuwa imechorwa kwenye gasketi kutoka silinda hadi tundu la fimbo. Na ukutani mwa silinda, ile mistari myembamba inayokatana iliyochorwa kiwandani ilikuwa bado inaonekana. Segma zilikuwa nzima.

Nilisugua kichwa kwa msasa juu ya kioo mpaka kikawa sawa, tukangoja gasketi kutoka Kampala, nikakaza boliti kwa kupishanisha, kidogo kidogo. Ilipowaka, moshi wa oili iliyobaki kwenye eksozi ulitoka kwa dakika chache, kisha hewa ikawa safi. Mama akaanza kulia.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo iliporudi, lava ikafika Buhene na kuikata barabara hii ya Rutshuru, na baada ya siku chache sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama. Watu walibeba magodoro, na wengine walibeba jenereta na vinu vyao. Hapo utaelewa kwa nini namkasirikia fundi anayemuuzia mtu segma asizozihitaji. Kwa familia nyingi za hapa injini hiyo ndiyo shamba.

Wewe unayekwenda kununua injini iliyotumika, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa eksozi kwanza. Ikiwa ya moto, ondoka urudi kesho. Ikiwa baridi, fungua chujio la hewa utazame kama sponji lipo na kama halijalowa oili, nusa oili, kisha iwashwe ukiwa umesimama nyuma ya eksozi. Na ukishainunua, osha sponji lako kwa sabuni mara kwa mara, likauke, ulipake oili kidogo, ulirudishe. Kamwe usiiwashe injini yako bila sponji hapa Munigi.