Barua kutoka Ughaibuni: Fukuto la Kununua

Minneapolis, Januari

Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya basi nikacheka peke yangu, abiria wakageuka. Ati mtu mwenye akili timamu ananunuaje mashine ya kutoa mvuke chumbani? Huko kwenu Likoni mwenye uwezo hufunga kiyoyozi kuliondoa fukuto, na mimi nimetoa dola zangu kulirudisha. Ni kweli. Ila mvuke wenyewe si wangu, ni wa mimea, na kisa chenyewe ni majani yanayokataa kufunguka.

Leo asubuhi nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Hewa ya baridi namna hiyo haina nguvu ya kubeba mvuke: katika mita moja ya ujazo utapata gramu moja hivi ya maji, basi. Hapo kwenu, kwa joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, mita hiyohiyo ina kama gramu 22. Sasa chukua hewa ya huku, iingize nyumbani, ipashe kwa hita hadi nyuzi 21. Maji hayakuongezeka hata tone, lakini hewa ikishapata joto inataka mengi zaidi. Isingekuwa kupika, kuoga na pumzi zetu, unyevu wa chumbani usingefika asilimia 6. Kwa hiyo hewa inajitafutia maji popote: kwenye midomo yetu, kwenye mbao za mlango, na kwenye jani lolote lililo karibu. Mimea inayopendwa madirishani huku karibu yote asili yake ni nchi za joto. Monstera ni ya misitu ya Marekani ya Kati, na ukoo wake ni mmoja na majimbi yako ya nyuma ya jiko.

Bibi ninayemhudumia ana mimea mingi kuliko sahani. Anaoupenda zaidi ni strelitzia, binamu wa mgomba, majani yake ni marefu na hayana mchezo. Unajua mgomba unavyotoa jani: linachomoza katikati limekunjwa kama mkeka, na siku chache baadaye limetandazika, hakuna aliyeligusa. Kinacholikunjua ni maji. Chembechembe za upande wa ndani hunywa, hufura, husukumana, na jani halina njia ila kufunguka. Jani la mmea wa Bibi lilichomoza mwezi wa Novemba likasimama vilevile. Akaniita: wewe si mtu wa Afrika? Hebu litazame.

Nikaliinamia na taa ya simu. Ncha ilikuwa kahawia na imekakamaa. Ukingo wa jani ulikuwa umegandana na mgongo wake kwa utomvu uliokauka, mstari mwembamba unaong'aa. Chini, karibu na shina, jani lilikuwa limeshafura na kuanza kuachana, juu limebanwa. Basi katikati lilikuwa limepinda kwa kuvutana lenyewe kwa lenyewe. Na palikuwa na mpasuko mbichi wa urefu wa kidole. Mwana wa Bibi alikuja Jumapili akajaribu kusaidia kwa kucha.

Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Jani changa ni laini mno, na likichanika halishoneki tena. Litakua na mpasuko wake hadi likauke. Mimi nilichovya pamba katika maji ya uvuguvugu nikaizungushia pale penye utomvu, nikaenda kumpikia Bibi uji wake wa shayiri. Alipomaliza kula nikailowesha tena. Kufikia jioni ukingo ulikuwa umeachia wenyewe, nafasi ya kupitisha kidole. Sikuuvuta. Tukaisogeza mashine ya mvuke karibu na chungu, tukauondoa mmea juu ya hita alikouweka ati usipate baridi.

Lakini Shangazi, pamba ni huduma ya kwanza tu. Jani linalokwama leo limekwamishwa wiki kadhaa nyuma, lilipokuwa bado ndani ya shina linajengwa. Kama siku zile udongo uliachwa ukauke kabisa, kisha ukamwagiwa maji kwa pupa, uharibifu umeshaingia. Hata kalsiamu ya kujengea jani jipya husafiri na maji kutoka mizizini, wala mmea hauwezi kuichukua kwenye majani ya zamani ukaihamisha. Ndiyo maana huwa nachimba kwa kidole kabla ya kumwagilia. Na usidhani dawa ni kumwaga tu. Mizizi iliyooza kwa kuzama majini haiwezi kunywa, na jani la mmea huo hukwama vilevile kama la mmea wenye kiu. Atakayeongeza maji hapo anauzika.

Kuna na wadudu. Thripsi hupenda kujibanza ndani ya jani lililokunjwa, wanafyonza, likifunguka linatoka na mabaka ya rangi ya fedha na vitone vyeusi vya uchafu wao. Utitiri nao hustawi kwenye hewa kavu, na dalili yao ni utando mwembamba chini ya majani. Hao huoshwa kwa maji na sabuni kidogo, nyuma ya jani na kwenye mikunjo, tena na tena, maana mayai huwa yamebaki.

Ile chupa ya kupulizia maji ambayo kila mtu huku anayo mkononi siiamini. Ukipuliza, dakika chache hewa imeshakunywa yote. Afadhali kuisogeza mimea ikae pamoja, au kuihamishia bafuni penye dirisha.

Mmoja tu hausumbuki katika nyumba ile. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas, wao wanauita ZZ. Hewa ikauke, usahaulike mwezi mzima, unakutazama tu, kwa sababu maji yake umeyaweka akiba kwenye viazi vyake chini ya udongo na kwenye vikonyo vinene. Bibi aliniuliza unatoka nchi gani. Nikamwambia ni mwenzangu huyo. Huota wenyewe katika misitu ya Pwani yetu na kushuka hadi Afrika Kusini. Loddiges, mwenye bustani ya miche London, aliuandika kwa jina jingine la kitaalamu mwaka 1829, kisha ukakaa bila biashara ya maana hadi Waholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi mwaka 1996. Ukipita kwa wauza miche upande wa Kisauni wakakuambia huu ni mmea wa Ulaya ndiyo sababu ya bei, hapo una haki ya kupatana bila huruma.

Sasa hilo la asumini. Umesema utakata tawi, ulifunge na udongo wake ndani ya kopo la mafuta ya Kasuku, umpe yule jirani wa Changamwe anayesafiri mwezi ujao. Tafadhali usimtie mashakani. Mmea kutoka Kenya unahitaji cheti cha afya kutoka KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa serikali, na udongo ndio hawataki kabisa kuuona kwenye uwanja wa ndege wa huku. Asumini yako iache inukie hapohapo mlangoni. Nikitamani harufu ya nyumbani, nitapanda mrehani wa mbegu za dukani. Ukitaka kumpa mzigo, mpe halua, kilo mbili, ile nyeusi yenye lozi, na uifunge vizuri isitoe mafuta kwenye nguo zake.