Amin Tuliyemjua Sisi wa Bukoba

Utotoni mwangu Bukoba, Kampala ilikuwa jirani na Dar es Salaam ilikuwa safari. Watu wetu walivuka mpaka wa Mutukula kwenda kufanya biashara, wengine walioa Buganda wakahamia huko, na jioni redio zetu zilishika matangazo ya Kampala bila taabu. Ndiyo maana jina la Idi Amin liliingia nyumbani kwetu mapema, na mwanzoni halikuwa jina la adui.

Tarehe 25 Januari 1971 jeshi la Uganda likiongozwa na Amin lilimpindua Rais Milton Obote, naye akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Watu wa Kampala walicheza barabarani, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Watu wa Buganda hasa walikuwa hawajamsamehe Obote kwa kuishambulia ikulu ya Kabaka, mfalme wao, huko Mengo mwaka 1966, ingawa aliyeongoza askari siku ile alikuwa Amin huyohuyo. Wageni waliopita kwetu walimsifu: mtoto wa maskini aliyepanda cheo kwa cheo, bingwa wa ndondi, mcheshi, anayeongea na kila mtu. Sisi watoto tulimpenda kwa masimulizi hayo. Mwalimu Nyerere alikataa kuitambua serikali yake, akampokea Obote.

Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kwenda kumrudisha madarakani, wakashindwa. Ndege za Uganda zikaja kutupa mabomu Bukoba na Mwanza. Mama alitukimbiza migombani, tukalala chini, na tangu siku ile hatukumwita tena mcheshi. Mwaka huohuo Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Waliokwenda Kampala baada ya hapo walirudi na habari za maduka kugawiwa wanajeshi, na za bidhaa kuadimika. Baadaye habari zikawa za watu kuchukuliwa usiku wasionekane tena. Februari 1977 tulisikia kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum ameuawa. Wakristo wa kwetu walilia kana kwamba wamefiwa nyumbani.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 vita vikatufikia. Askari wa Amin waliteka ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, naye akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likabomolewa. Ndugu wa mama walifika kutoka upande wa Missenyi kwa miguu, magodoro vichwani, ng'ombe wao wote wameswagwa kwenda Uganda. Shangazi aliyefika nao hakuzungumzia aliyoyaona. Aliomba maji tu, kisha akaomba kulala. Mwalimu akahutubia taifa akisema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Vijana wa mtaani kwetu walijiunga na mgambo, na baadhi yao hatukuwaona tena. Mashujaa wa vita ile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba.

Kampala iliangukia mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Amin alikimbilia Libya, akaishia Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Hakusimama mbele ya hakimu hata mara moja.

Kwa miaka mingi kwangu alibaki nduli, kama tulivyofundishwa kumwita, mtu aliyezuka tu kama maradhi. Nilipoanza kusoma historia ya maisha yake ndipo picha ilipobadilika. Aliingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, akianzia jikoni. Waingereza walimpenda kwa nguvu na utii wake. Walimtumia Kenya wakati wa Mau Mau, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza wa Uganda kupewa uofisa. Mwaka uliofuata kikosi chake kilituhumiwa kuwaua wafugaji wa Turkana, Kenya. Uhuru ulikuwa unabisha hodi na maofisa Waafrika walikuwa haba, kwa hiyo Waingereza pamoja na Obote wakakubaliana asishtakiwe.

Kisha ikaja Januari 1964. Katika mwezi mmoja askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, wote wakiwa watoto wa jeshi lile moja la kikoloni. Kwetu Mwalimu alilivunja jeshi zima, na Septemba mwaka huohuo akaanzisha JWTZ, akichukua vijana wapya na kuwafundisha kuwa wao ni watumishi wa wananchi. Jeshi lile lilifungamanishwa mno na chama, na jambo hilo lilikuwa na hatari zake. Lakini halijawahi kuipindua serikali. Uganda ilichagua kuwapandishia askari mishahara, na Amin akazidi kupanda. Obote alimhitaji kwa ajili ya shambulio la Mengo, akamkabidhi jeshi. Miaka mitano baadaye jeshi hilo likamng'oa.

Namhukumu Amin kwa kila nyumba ya Kagera na Uganda iliyoachwa na msiba. Hata hivyo siwezi tena kumhukumu peke yake. Kila mlango aliopita ulifunguliwa na mtu aliyemhitaji, na kila aliyemfungulia aliamini kuwa ataweza kumdhibiti. Wafugaji wale wa Turkana walikuwa maskini, mbali na miji, na vifo vyao vilionekana bei ndogo ya kulipa. Nawaambia vijana wetu wa Kagera wanaosoma vita ile wasianzie kwenye daraja la Kyaka. Waanzie Turkana mwaka 1962, kwa sababu hapo ndipo askari mmoja alipofundishwa kwamba anaweza kuua asiulizwe, na serikali inayomfundisha askari somo hilo haiwezi kumchagulia atakaowaua kesho.