Kupanda Taita, na kushuka



Mwezi wa Novemba uliopita tulitoka Mombasa baada ya sala ya alfajiri, sisi na mama watoto, kijana wetu wa pili akiwa ameshika usukani, kwenda kumtazama binti yetu aliyejifungua huko juu ya Wundanyi. Hadi Voi ni lami tuijuayo sote, na malori yake. Ukikunja kushoto kwa njia ya Taveta utafika Mwatate penye mashamba ya mkonge, na hapo barabara ya Wundanyi huanza kupanda kona baada ya kona, hewa ikapoa hata mama watoto akajitanda shuka.

Kazi ilianza tulipoiacha lami, tukashika njia ya udongo mwekundu ielekeayo upande wa Vuria, kilele chenye mita 2,208. Udongo ule ukikauka huwa mgumu kama sakafu. Ukilowa, utelezi wake ni wa bamia.

Gari letu ni dogo, la mtumba kutoka Japani, la aina inayosifiwa kuwa ina nguvu magurudumu yote manne. Kijana alilisifu tangu Mariakani. Lakini magari mengi ya familia ya aina hii, muda mwingi huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Nyuma, karibu na difu, pana klachi; kompyuta ikihisi kuwa ya mbele yanazunguka bure, klachi hubana na nguvu hupelekwa nyuma. Tuliliona hilo katika kipando cha kwanza. Gurudumu la mbele lilirusha tope, gari likasita kama punda anayefikiri, kisha tukahisi tunasukumwa kwa nyuma. Kijana akageuza kitufe kutoka AUTO hadi LOCK, ili klachi ibane bila kungoja utelezi, tukapanda vyema. (Land Cruiser za kazi za zamani hazina kusita huko: ukiingiza gia yake, mbele na nyuma hufungwa pamoja. Ndiyo maana haifai kwenye lami kavu, kwani katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, vyuma vikashindana.)

Alhamdulillahi, tulimkuta binti yetu mzima na mwanawe mzima. Mvua ikanyesha mchana kutwa. Alasiri binti akatusihi, "Baba, laleni." Sisi tulikuwa na darsa ya kesho yake, tukaona gari lililopanda halitashindwa kushuka. Shauri hilo lilikuwa letu, si la kijana.

Alishuka kwa mwendo ule ule wa kupandia. Kona ya tatu akakanyaga breki. Ikatetema chini ya mguu wake, naye akakata usukani, lakini gari likaenda moja kwa moja kuelekea ukingoni, ambako chini yake tuliona mapaa ya mabati. Mama watoto alitamka shahada kwa sauti. Rundo la kokoto lililomwagwa pale kwa ajili ya kutengeneza njia ndilo lililotuzuia.

Akatokea mzee mmoja na jembe begani. Kijana akaanza kumweleza kwamba gari hili ni la magurudumu manne. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia sisi: "Sheikh, kuna gari lenye breki kwa magurudumu mawili?"

Hatukuwa na jibu. Nguvu ile ya magurudumu manne ni ya kuondokea na kupandia. Katika kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu yote, la bei kubwa na la bei ndogo, na kinachoshika ardhi ni mpira tu. Mzee akapitisha kidole juu ya mipira yetu. Meno yalikuwa yamekwisha, nasi tulikuwa tukilijua hilo tangu Ramadhani. Akamwambia kijana aweke gia ya kwanza, aache injini ilizuie gari, na breki aiguse kwa upole kabla ya kona, si ndani yake.

Mama watoto alikataa kupanda tena. Tulishuka naye kwa miguu, viatu mkononi, kijana akitufuata nyuma kwa mwendo wetu mpaka kwenye lami. Darsa iliahirishwa. Tulilala Voi, na asubuhi, kabla ya chai, tukanunua mipira minne.