Nilinunua Ganda

Usiku mmoja wa masika, miaka michache iliyopita, mwanangu wa miaka minne alishikwa na homa kali, kisha degedege. Mke wangu akambeba, nami nikakimbilia gari. Nilipozungusha ufunguo, stata ililia kidogo, ikanyamaza. Jioni ile nilirudi kazini mvua ikinyesha, nikasahau kuzima taa. Betri ilikuwa imekwisha.

Jirani yetu, mzee dereva mstaafu, alisikia vishindo akaja na pikapu yake. "Mwanangu, mpakieni mtoto humu twende," alisema.

Laiti ningemsikia! Lakini nilikuwa na nyaya za kubusti nilizonunua kwa mchuuzi wa barabarani, nene kwa macho na za bei ya kutupa, nami nilikwisha jisifu kwazo mbele ya mke wangu. "Dakika moja tu, mzee," nikajibu. Tukafunga vibanio. Stata haikuzunguka. Nikajaribu tena na tena, hata nyaya zikapata moto na harufu ya plastiki inayoungua ikatanda uani. Dakika 20 zikapita. Ndipo mke wangu, bila kusema neno, akaingia na mtoto katika pikapu.

Ilikuwa malaria. Mtoto alitibiwa, akapona. Lakini zile dakika 20 sijazisahau, wala mama yake hajazisahau.

Kesho yake mzee alikuja na nyaya zake, na gari likawaka mara moja. Kisha akatwaa kisu akapasua waya wangu. Ganda lilikuwa nene kama kidole, na ndani mlikuwa na nyuzi chache tu. Alipozikwangua zikawa nyeupe: alumini iliyopakwa shaba. "Ulinunua ganda, mwanangu," akasema.

Ndugu msomaji, stata huvuta umeme mwingi, mara nyingi zaidi ya ampea 100. Nyaya mbili za shaba, kila mmoja wa urefu wa mita 3 na unene wa milimita mraba 16, zikipitisha ampea 150 hupoteza volti moja hivi. Za milimita mraba 4 hupoteza karibu volti 4, na katika volti 12 hazibaki za kutosha kuzungusha injini. Kwa hiyo usiulize unene wa ganda, uliza unene wa shaba. Gari dogo la petroli litosheke na milimita mraba 16. La dizeli lipewe 25 au zaidi. Vibanio viwe na springi kali na meno yanayouma barabara. Tena usinunue nyaya ndefu kupita haja yako, kwani urefu nao hula umeme.

Kufunga nako kuna utaratibu wake. Waya mwekundu huanzia kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi huanzia kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho hufungwa kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Kufungua ni kinyume chake. Betri iliyopasuka au inayovuja usiiguse kabisa, na kwa magari ya kisasa soma kwanza kitabu cha gari.

Siku hizi nyaya nene zimo chini ya kiti changu, na majirani huziazima. Siku nilipozileta nyumbani, mke wangu alizipima mkononi, akasema kwa upole: "Ni nzuri, baba. Lakini mtoto akiugua tena, tutapanda gari linalowaka."

Sikuwa na jibu. Majuto ni mjukuu, nami wangu nilikwisha mpakata.