Kamina: Alitoboa sikio upande wa juu, uponyaji ukachukua miezi

Kamina, Haut-Lomami – Katika familia nyingi za hapa, mtoto mwanamke anatobolewa masikio akiwa bado ananyonya. Nkambo au mama jirani anashika sindano na uzi, anatoboa ndewe, ile nyama laini ya chini, mtoto analia kidogo, na kiisha majuma machache mambo yamekwisha. Ni kwa sababu hiyo wengi wanafikiri sikio ni sikio, juu na chini ni kitu kimoja. Msichana mmoja wa miaka 19 alifikiri hivyo pia.

Yeye si mzaliwa wa Kamina. Familia yake ilitoka upande wa Bukama, ambako maji ya Lualaba yaliingia ndani ya nyumba na kubeba hata mbegu. Sasa wako watu tisa katika lupango ya mama yake mdogo, na asubuhi yeye anauza mikate ya kukaanga kando ya barabara. Anasema mjini alijifunza jambo moja haraka: watu wanakutazama, wanajua. Nguo ilikuwa ya kupewa, viatu vya kupewa. Wasichana wa rika lake walikuwa na vipuli vidogo vinavyong'aa kwenye ukingo wa juu wa sikio. Alitaka naye awe nacho kimoja, ili asiwe tu «ule wa mafuriko».

Kijana mmoja mwenye meza sokoni alimtobolea kwa bei iliyo chini ya meka moja ya muhindi. Alitumia ile bunduki ndogo ya plastiki inayosukuma kipuli kwa nguvu. Kabla ya hapo alifuta sikio kwa kitambaa alichokilowesha kutoka kwenye chupa, na kitambaa hicho kilikuwa kimekwisha kufuta masikio mengine.

Siku mbili za kwanza hakuna neno. Siku ya nne sikio likawa la moto. Siku ya sita hakuweza tena kulalia upande ule, na ukingo wote wa juu ulikuwa umevimba na kung'aa kama nyanya. Mama yake mdogo alipofungua kitambaa cha kichwa chake usiku, alisema: «Mwanangu, ile ni mufupa. Nani alikuambia mufupa wanatoboaka?»

Wakaweka mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Jirani akaleta dawa ya meno, mwingine akashauri majivu. Kiisha wakanunua vidonge vya amoxicilline kwa muuzaji anayepita na dawa ndani ya beseni, sita tu, kwa kuwa makuta yalitosha sita. Hapo ndipo siku nyingi zilipotea, na inafaa kueleza kwa nini.

Upande wa juu wa sikio si mfupa kamili, wala si nyama. Ni gegedu, kitu kigumu kinachopindika, sawa na kile cha ncha ya pua. Gegedu haina mishipa yake yenyewe ya damu. Inalishwa na ngozi nyembamba inayoifunika pande zote mbili. Ndewe ina damu nyingi, ndiyo maana inapona kwa majuma sita au manane. Tundu la gegedu linaweza kuomba miezi sita, hata mwaka mzima. Na usaha ukiingia kati ya gegedu na ile ngozi, unaitenganisha na chakula chake. Gegedu inakufa kwa kukosa damu, na ikikufa hairudi. Sikio linajikunja na kubaki na mikunjo kwa maisha yote.

Tena, mdudu anayependa mahali pale si yule wa vidonda vya kawaida. Mara nyingi ni yule ambaye waganga wanamwita Pseudomonas, mdudu wa majimaji: anaishi katika maji, katika ndoo yenye unyevu, katika kitambaa kisichokauka, hata ndani ya chupa ya dawa iliyozimuliwa vibaya. Amoxicilline haimuui. Mtu anaweza kumeza pakiti nzima, maumivu yapungue kidogo, naye mdudu aendelee na kazi yake. Kwa mtu mzima, dawa ambayo waganga wanaitumia mara nyingi ni ciprofloxacine, lakini ina masharti yake kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Haifai kuinunua tu kwenye beseni.

Mambo haya hayatokei kwa maskini peke yao. Mwaka 2000, katika jimbo la Oregon, Marekani, watu saba walithibitishwa kuambukizwa na mdudu huyo kiisha kutobolewa kwenye kibanda kimoja cha vipuli. Wachunguzi walipofuatilia, walimkuta ndani ya chupa ya dawa ya kusafishia. Kile walichodhani kinaua wadudu ndicho kilikuwa kinawapandikiza. Na lile ni jimbo lenye maji ya bomba katika nyumba nyingi. Hapa kwetu maji ya wengi ni ya kisima na ya mtungi.

Siku ya tisa msichana alifika kwenye kituo cha afya. Munganga mwanamke aliyempokea hakuuliza mengi. Aligusa ndewe: haina maumivu, haijavimba. Akagusa juu: msichana akalia. Alieleza kwamba hiyo ndiyo alama yenyewe. Ugonjwa wa ngozi unashika sikio lote pamoja na ndewe. Ugonjwa wa gegedu unaiacha ndewe ikiwa salama, kwa sababu ndewe haina gegedu. Alimwandikia karatasi ya kwenda hospitali siku ileile, na kumwambia kesho itakuwa kuchelewa.

Hospitali walitoa kipuli, wakapasua, usaha ukatoka. Walibadilisha kitambaa kila siku kwa zaidi ya juma moja, na akapewa dawa kwa majuma mawili. Kabla ya hayo waliuliza karatasi ya chanjo. Ilibaki ndani ya maji kule Bukama, pamoja na karatasi za watoto wote wa nyumba ile. Wakamchoma chanjo ya pepopunda, kwani tundu lolote lililofanywa na chuma kisicho safi linaweza kuileta. Familia zingine zilizopoteza karatasi zisiogope kusema hivyo wanapofika kwa munganga. Kupewa chanjo tena si hatari kama kukaa bila chanjo.

Malipo ndiyo yaliyokuwa mazito. Mama mdogo aliuza kitenge kimoja ambacho hakijashonwa, akakopa na kilichobaki kwa mwenzake wa chama cha akiba. Kwa majuma matatu hakukuwa na mikate ya kuuza, maana mtaji ulikuwa umeliwa na vitambaa vya kidonda na dawa. Watoto wadogo walikula mara moja kwa siku. Msichana anasema hilo linamuuma kuliko sikio. Hakuna mtu wa nyumba aliyemtukana, na anadhani ingekuwa afadhali wangemtukana.

Wazee wengine wa mtaa walichukua nafasi hiyo kuhubiri kwamba kujitoboa ni desturi ya kigeni. Si kweli. Sanamu za Baluba zilizo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, zinaonyesha wanawake wenye chale nyingi tumboni, zilizopangwa kwa ustadi, na chale zile zilikuwa uzuri na heshima. Kwenye pwani, huko Lamu na Pate, wanawake walitoga ukingo wa sikio matundu kadhaa tangu zamani. Kupamba mwili si jambo la kigeni, na tofauti iko katika mkono unaotoboa na usafi wa chombo. Fundi wa chale alijulikana kwa jina, na mtu aliweza kwenda kumlalamikia. Kijana wa bunduki ya plastiki amekwisha kuhamisha meza yake.

Bunduki ile, tuseme wazi, haifai kwa gegedu. Inaiponda badala ya kuitoboa, na kwa kuwa ni ya plastiki haiwezi kuchemshwa katika mashine ya hospitali bila kuyeyuka. Anayetaka kutoboa juu atafute mtu anayetumia sindano mpya, anayeifungua mbele ya macho yake na kuitupa baadaye, mara moja kwa mtu mmoja. Sindano ya kushirikiana inaweza kuleta ukimwi na ugonjwa wa ini. Kiisha kutoboa, kidonda kinasafishwa mara mbili kwa siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo sana: robo ya kijiko cha chai kwa kopo moja. Si majivu, si mawese, si dawa ya meno. Mikono inanawa kwanza kwa sabuni, na kipuli hakizungushwi.

Wekundu kidogo siku za kwanza ni kawaida. Lakini sikio likiwa la moto na kuvimba juu huku ndewe ikiwa nzima, au homa ikiingia, hapo si kazi ya jirani tena. Na kipuli asikitoe mtu mwenyewe nyumbani kidonda kikiwa na usaha, maana tundu linaweza kujifunga na kuufungia ndani. Munganga ndiye anayeamua.

Kuna jambo la mwisho ambalo msichana aliambiwa siku ya kuruhusiwa. Ngozi nyeusi ina mwelekeo wa kuotesha kovu linalozidi kidonda chenyewe, linakuwa kama uvimbe mgumu, na sikio ni mahali linapopenda. Likianza, kulikata tu hakusaidii sana, mara nyingi linarudi likiwa kubwa zaidi; linahitaji sindano za dawa ndani ya kovu, na mapema. Kwa hiyo anapapasa sikio lake kila asubuhi kabla ya kuwasha moto.

Mpaka sasa ni laini. Ukingo wa juu umejikunja kidogo kuelekea ndani, kama jani lililokaushwa na jua, na munganga alisema utabaki hivyo. Mikate imeanza kuuzwa tena tangu mwanzo wa mwezi. Deni la chama limebaki nusu.